Wimbo wa Mlangoni

Siku hizi sisikii muziki. Nasikia vitu vilivyo nyuma ya muziki: kiti kinacholia, mtu anayemeza mate kabla ya ubeti wa pili, jogoo wa jirani. Fundi wangu wa mitambo, ambaye ndiye nusu ya kampuni, anasema ni ugonjwa wa kazi, kama vile mchinjaji asivyomwona ng'ombe bali paja na mbavu. Mimi nadhani ni umri. Nilipoanzisha lebo hii ya kurekodi wanamuziki wa huku kwetu, wimbo mzuri ulinisisimua mpaka vinyweleo vya mikono vikasimama. Sasa wimbo mzuri ni ule usionilazimisha kuurekodi tena.

Studio yetu iko Shieywe, chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mbolea. Ukutani tumebandika trei za mayai na blanketi kuukuu za bweni. Upande mmoja kuna mashine ya kusaga mahindi, juu kuna mabati. Kwa hiyo anayepanga ratiba si sisi wala wasanii. Asubuhi mashine inasaga, alasiri mvua ya Kakamega inamwagika juu ya mabati kama kokoto, na katikati hapo, watu wakishapata unga wao na mawingu yakiwa bado yako upande wa msituni, kuna upenyo mdogo tunaouita kwa heshima muda wa studio. Ndani ya upenyo huo tumerekodi kwaya za makanisa yasiyosalimiana, na vikundi vya isukuti ambavyo huja vizima vizima, na ngoma, njuga na wacheza ngoma, mpaka mpigaji mmoja anabaki nje dirishani akitazama mikono ya wenzake asipotee.

Kazi iliyobaki ni ya simu.

"Profesa, wimbo yangu imefika wapi?"

Mimi si profesa. Nilisoma fasihi chuo kikuu, nikaandika tasnifu kuhusu nyimbo za maombolezo, nikafundisha kidogo, nikachoka. Jina hilo alinipa fundi kwa kunicheka, na wasanii wakalichukua wakidhani ni cheo.

"Imefika mtandaoni."

"Na huko mtandaoni inafanyanga nini?"

Swali zuri. Inakaa. Wanaoisikiliza kweli ni waendesha bodaboda, ambao huja na flashi zao tuwajazie, na hawaulizi jina la msanii wala la lebo.

Hivyo ndivyo siku zilivyokuwa zikienda, bila uchungu na bila raha, mpaka mama mmoja kutoka Shinyalu akaingia na kitambaa kimezungushwa shingoni. Tulimfahamu. Alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha wanawake tulichowahi kukirekodi, mwenye sauti iliyomfanya fundi aisogeze maikrofoni mpaka karibu na mlango.

"Mwanangu, hii kitu inatolewa wiki ijayo," akasema akigusa shingo. Chini ya kitambaa kulikuwa na uvimbe mkubwa. "Daktari ameniambia sauti inaweza kurudi, inaweza kukataa. Nataka mniwekee wimbo mmoja mapema."

"Upi, mama?"

"Wa mlangoni."

Fundi akainua macho. Wimbo wa mlangoni huimbwa alfajiri na mwanamke wa boma, akiwa amesimama mlangoni pa marehemu. Ndiyo tangazo lenyewe. Humtaja aliyelala ndani, humtaja mama yake na fahali aliowafuga, na ukifika ng'ambo ya bonde watu huacha moto na maziwa wakaja. Tasnifu yangu ina sura nzima juu ya wimbo huo. Niliiandika kwa kuhoji familia mchana, baada ya chai.

"Pole sana, mama," fundi akasema. "Nani ametuacha?"

"Hakuna. Ni wa mzee wangu. Nimemwacha nyumbani anakula ndizi."

Akatueleza. Mume wake alimzidi umri kwa mbali, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alikuwa amemwimbia kila mtu kijijini, wakwe kwa majirani, na mzee alimkumbusha jambo hilo kila jioni kama mtu anayedai zamu yake. "Ananiambianga, wote umewaimbia. Mimi nitaimbiwa na nani? Redio?" Akamwahidi. Na sasa ahadi ilikuwa imekaa juu ya ule uvimbe.

Tukamwonyesha chumba. Akazitazama trei za mayai kwa muda, kwa adabu.

"Huo hauimbwi kwa nyumba ya mayai," akasema. "Ni mlangoni kwake."

Tulikodi gari la jirani, Proboksi, na Jumamosi tukafika Shinyalu kukiwa bado na umande kwenye majani chai. Asubuhi ile tuliichagua sisi kwa sababu za kitaalamu: hakuna upepo, hakuna mvua, hakuna pikipiki. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba watu waliotunga wimbo huo waliichagua saa hiyohiyo kwa sababu hizohizo.

Mzee alikuwa sebuleni, amevaa koti, ana kikombe cha chai. Fundi alimwomba azime redio.

"Na tafadhali, mzee, usikohoe."

"Nikikohoa si ndiyo mtajua sijakufa?"

"Nyamaza bwana," mkewe akamwambia. "Leo umekufa. Kaa vizuri."

Akasimama mlangoni, akafungua kitambaa cha shingo, akakishika mkononi. Akaanza chini sana, karibu kama mtu anayeuliza kama kuna watu nyumbani, kisha akapanda. Najua alipanda kwa sababu nilikuwa nikizitazama taa za kijani za kinasa sauti zikipanda. Najua ulikuwa wimbo mzuri kwa sababu fundi alivua kofia. Mimi nilikuwa nahesabia akilini urefu wa wimbo na kumchunga kuku aliyekuwa akikaribia stendi ya maikrofoni.

Alimtaja mzee. Alimtaja mama wa mzee. Alikuwa ameanza kumtaja fahali mweusi ambaye mzee alimpeleka uwanjani kupigana zamani, akarudi bila kushindwa, niliposikia sauti ng'ambo ya bonde.

"Uuuwi!"

Nikawaza: kelele, upande wa kushoto.

Kisha nyingine, karibu zaidi. Kisha miguu. Wanawake walitokea kwenye kijia cha migomba mikono ikiwa kichwani, mmoja wao akiwa na unga kwenye beseni, kwa maana hakuna anayekimbilia matanga mikono mitupu. Nyuma yao mwanamume alivuta fahali kwa kamba, fahali na kengele shingoni, kama inavyompasa mzee aliyependa fahali. Walikuwa wanalia kwelikweli. Mama aliacha kuimba. Kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka, na mimi, ambaye mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe, sikukigusa.

Mzee akatokea mlangoni, kikombe mkononi, na kilio kikakatika.

"Kuna nini? Nani amekufa hapa?"

Mwenye beseni aliketi chini palepale. Unga ukamwagika. Fahali akatikisa kichwa, kengele ikalia.

"Mzee," mwanamume mwenye kamba akasema polepole, "wewe si umekufa?"

"Hata chai sijamaliza!"

Ikajulikana basi. Kabla ya jambo kama lile liguru, yaani mzee wa kijiji, huambiwa, naye huwaambia watu. Mimi nilidhani fundi amemwambia. Fundi alidhani nimemwambia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa maombolezo. Mama alimwambia jirani mmoja tu, akidhani watu wa studio wana mipango yao. Jirani huyo ndiye aliyekuwa na beseni la unga. Aliambiwa, akakubali, na aliposikia sauti yenyewe, mwili wake haukukumbuka kwamba ameambiwa.

"Mzee, mimi nikisikia umekufa tena sitakuja," akasema akijipangusa unga kwenye magoti. "Yako nimeshalia. Nimemaliza."

"Ulilia vizuri lakini. Sikujua unanipenda hivyo."

"Nililia kwa sababu ya uzito ya hii unga!"

Wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Machozi yaliyomwagwa kwa mtu aliye hai, mtu harudi nayo nyumbani. Lazima watu wale pamoja, na aliyeliliwa aonje kwanza, kila mmoja akimwona akimeza. Kwa hiyo ule unga uliookolewa ukasongwa obusuma, yaani ugali, kuku akachinjwa, yuleyule niliyekuwa nikimchunga, na mzee akatafuna mbele ya umati kwa madaha makubwa, akifungua kinywa waone ndani hakuna kitu. Walitupa na sisi. Nilikula. Nakumbuka nikiwaza kwamba sisi tunaofanya kazi hii hatuna sherehe ya kuondoa tulichokisikia, tunabeba tu.

Baada ya chakula fundi alimsogelea mama.

"Mama, turudie? Sasa wote wanajua."

Akatikisa kichwa. "Mtu mmoja haimbiwi mara mbili."

"Lakini haukuisha."

"Ulichopata ndicho hicho."

Wiki iliyofuata wakamfanyia upasuaji.

Fundi alitaka tuikate rekodi pale kilio cha kwanza kinapoingia. Tungebaki na wimbo safi, mfupi, tungeupunguza sauti mwishoni polepole kama wafanyavyo wengine. Ningependa kusema kwamba nilikataa kwa heshima, au kwa sababu ya elimu yangu. Nilikuwa nimechoka. Kulikuwa na kwaya iliyokuwa ikidai video. Nikasema tuache ilivyo, tutaona, na "tutaona" ndilo neno linaloiendesha kampuni yetu.

Mama alikuja Shieywe baada ya kidonda kupona. Alitusalimu na hakuna kilichotoka ila pumzi, kama mtu anayefuta vumbi kwenye meza kwa karatasi. Tulimkalisha, tukamvalisha hedifoni. Mashine ya jirani ilikuwa inasaga, kwa hiyo ilitubidi kumwinamia tumsikie.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kilio kilipoingia alifumba macho. Alipofika kwa mzee na swali lake, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka.

"Usiuze," akasema. "Weka tu. Nitakuambia siku."

Hivyo basi rekodi bora kuliko zote za lebo yetu, kwa maoni ya fundi, haijatoka. Mimi sina maoni. Niliisikiliza tena peke yangu, nikingoja vinyweleo vya mikono visimame, nikasikia kuku.

Mzee alikufa msimu wa mvua za masika uliofuata. Binti yao ndiye aliyepiga simu, jioni. Akasema mama anasema ni kesho asubuhi, mlangoni. Fundi alianza kukunja nyaya kabla sijamaliza kumweleza.

Safari hii liguru alikuwa anajua. Tuliweka vipaza sauti viwili kando ya mlango, vimeelekezwa bondeni, na jenereta tukaificha mbali nyuma ya choo ili isisikike. Mama alitoka akiwa na kitambaa kilekile, mkononi. Nilimwendea.

"Mama, pale watu wanapoanza kulia tuzime? Kabla ya sauti ya mzee."

Akanitazama kama alivyozitazama trei za mayai.

"Acha yote," akasema kwa pumzi.

Akasimama mahali pake mlangoni. Nikabonyeza. Sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti, ikianzia chini, na yeye akachezesha midomo pamoja nayo. Nilitazama taa za kijani. Ikapanda. Ng'ambo ya bonde moto wa mtu ulikuwa unafuka, kisha nikaona watu wakiuacha. Walianza kuja, na wa kwanza, kama ningeweka dau, alikuwa yule mama wa unga aliyeapa hatakuja. Alikuwa na beseni kichwani.

Walipofika uani ndipo kilio cha rekodi kilipoingia. Kwa muda hukuweza kujua nani analia sasa na nani alilia mwaka uliopita. Yule mama wa beseni alikuwa analia mara mbili. Kisha kwenye rekodi kikaja kimya nilichokijua, na nikajua kinachofuata, na mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe.

"Kuna nini? Nani amekufa hapa?"

Sauti ilikuwa yake kabisa, ya mtu aliyekatizwa chai. Watu wote uani wakatazama mlangoni. Fundi aliangalia chini. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya mama, na jeneza lilionekana ndani, mahali palipokuwa na kiti chake.

Mama akageuka, si kwa watu, kwa kile kipaza sauti.

"Ni wewe," akamjibu.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na hata mimi nilimsikia kwa shida. Rekodi ikaendelea: kengele ya fahali, "Mzee, wewe si umekufa?", kicheko kikianza. Mama aliinua mkono, akazungusha kidole hewani kinyume, ishara ambayo fundi humfanyia kila msanii studioni. Rudisha.

Nikarudisha. Mzee akauliza tena. Mama akamjibu tena. Nikangoja, kidole juu ya kitufe, nikiutazama mkono wake.