Bi Marit na Mkono Wangu wa Kushoto

Nyumba yetu ya Azaiba, Maskati, ilikuwa na harufu mbili ambazo hazikupaswa kukaa pamoja, na zikakaa. Upande wa ndani ulitoka udi wa Bibi, aliouchoma kila Alhamisi jioni mpaka mapazia yakanywa moshi. Upande wa nyuma, kwenye mulhaki, yaani kile chumba cha uani tulichokuwa tukipangisha, yalitoka mafuta makali ya kusafishia burashi, yanayowasha pua kama kitunguu kilichokatwa karibu mno na uso. Msimu ule joto lilipokwisha tukazima viyoyozi na kufungua madirisha, harufu hizo zilikutana ukumbini, na mimi nikakaa katikati yake na kazi zangu za shule.

Mpangaji wetu alikuwa mchoraji kutoka Norwei, jina lake Marit. Alikuwa mrefu, mwenye nywele za mvi alizozibana kwa penseli, na alichora picha za vitabu vya watoto. Ujanani aliishi Tanga miaka mingi akichora picha za vitabu vya shule, ndiyo maana alikuja Maskati bila neno la Kiarabu lakini akiwa na Kiswahili kizuri. Siku ya kwanza alimsikia Bibi akinigombeza kupitia dirishani, akabisha hodi, akasema, "Shikamoo, Bibi." Bibi, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Omani akiwa mwanamke mzima, aliufungua mlango wote. "Marhaba, mwanangu," alisema. "Karibu. Nani kakuroga ukajua Kiswahili?" Tangu siku hiyo hatukumwita kwa jina tupu. Alikuwa Bi Marit, na kikombe chake cha kahawa kikawekwa kabatini pamoja na vyetu.

Mimi nilikuwa mashoto. Kwetu jambo hilo halikuwa dogo. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kula, kusalimia na kushika kalamu hazimo. Bibi alinipenda kuliko roho yake, na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa akinifunga ule mkono kwa kipande cha kanga kuukuu nilipoketi kuandika. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema huku akikaza fundo. Kwa mkono wa kulia herufi zangu zilipinda na kugongana. Abla, mwalimu wetu wa darasa, alimwita mama yangu akamwambia kwamba mwandiko wangu hausomeki na kwamba huenda nikarudia darasa. Mama alikuwa mtumishi wa wizara kule Al Khuwair, mtu wa faili na mikutano, lakini jioni ile alirudi akakaa ndani ya gari kwa muda mrefu kabla ya kuingia nyumbani. Nilimwona kupitia dirishani. Niliuchukia mkono wangu kama mtu anavyomchukia jamaa anayemwaibisha mbele za watu.

Bi Marit alikuwa na kazi kubwa wakati huo. Alikuwa akichora kitabu kizima cha ndege na viumbe wa pwani ya Omani, na mchapishaji wake kwao alikuwa akikisubiri. Asubuhi moja alikwenda pwani ya Bustan kuchora korongo wanaosimama kwenye miamba. Akateleza. Alirudi kwa teksi, mkono wa kulia umefungwa plasta nyeupe mpaka juu ya kiwiko, na uso wake mweupe kuliko plasta. Bibi alimpikia uji wa pilipili manga, akamlisha kwa kijiko kama mgonjwa wa kwetu. Bi Marit alikunywa, kisha machozi yakamtoka bila sauti. "Mfupa utapona," alisema, "lakini kitabu hakitanisubiri. Nafikiri nirudi kwetu."

Nilikuwa mezani, mkono umefungwa, naandika. Hapo ndipo alipouona ule ukanda wa kanga. Aliutazama, akautazama mkono wake mwenyewe, akafuta uso.

"Bibi," alisema taratibu, "usinione sina adabu. Naomba huyu mtoto anifundishe."

"Akufundishe nini?"

"Kutumia kushoto. Mimi sijui. Yeye kazaliwa anajua."

Bibi aliitazama ile plasta. Alikuwa mtu wa msimamo, lakini mgonjwa akiomba kitu nyumbani kwake hakuwa na ulimi wa kumnyima. Alilifungua lile fundo mwenyewe. "Kuchora tu," alisema. "Kula ni kulia."

Basi kila alasiri nikawa mwalimu. Nilimwonyesha Bi Marit jinsi ninavyoinamisha karatasi na kuachia bega lifanye kazi kabla ya vidole. Kaa wake wa kwanza alifanana na chapati iliyochanika, na Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Marit alicheka zaidi yake, akachora mwingine. Alikubali kusahihishwa na mtoto. "Tena," alikuwa akiniambia, "nionyeshe tena," na mimi nikaanza kuuangalia mkono wangu kwa heshima.

Siku moja, wakati rangi zake zikikauka, aliniambia niandike chochote kwa Kiarabu, kwa mkono niutakao. Niliandika sura ya Alhamdu kwa kalamu ya wino. Bibi akaja kuchungulia. Herufi zilikuwa wima na karatasi ilikuwa safi. Kiarabu huanzia kulia, hivyo mkono wangu ulikuwa ukitangulia mbele ya wino bila kuugusa, ilhali ule wa kulia ulikuwa ukiyafuta niliyoyaandika. Bibi alivaa miwani. Alisoma aya zote polepole, midomo ikicheza.

"Nani kaandika?"

"Mimi, Bibi."

Asubuhi yake Bibi alivaa abaya yake ya kutokea, akamwambia mama ampeleke shuleni. Alimwambia Abla, mbele yangu, "Huu mkono nnaufunga mie, mwalimu. Mie ndo nlokosea. Mwache aandikie." Abla, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, alisimama kwa heshima, akasema, "Inshallah, mama." Mwaka ule nilipanda darasa.

Kitabu cha Bi Marit kilitoka. Mchapishaji alirudisha baadhi ya picha, na Bi Marit akazichora upya mkono wake ulipopona. Zile za korongo zilibaki za kushoto, na mistari yao inatetemeka kidogo, kama ndege anayetaka kuruka. Kisha akahama, kwanza Lisbon, baadaye kwao. Sasa ni mzee sana, na tukizungumza kwenye simu Kiswahili chake bado kina Tanga ndani yake.

Mimi huchora ramani za majengo katika ofisi moja ya Al Khuwair. Bibi ametangulia mbele ya haki. Azaiba imejaa migahawa, na watoto mashoto hawafungwi tena. Mwanangu akisikia habari hizi hushangaa. Nashukuru kwa hayo. Lakini siku hizi nasikia watu wazima wakibishana kila mahali, majumbani, kazini, kwenye simu, na ni nadra mtu kusema, "Mimi ndiye niliyekosea," mbele ya mtoto aliyemkosea. Mimi nilisikia hivyo, na aliyesema alikuwa Bibi, na mvi zake kichwani, naye akarudi nyumbani akala chakula chake kwa furaha.