Pano Iliyotazama Barabara

Miaka ile ya Zaïre, bwawa la umeme la Ruzizi lilikuwa karibu nasi kiasi kwamba mtu wa miguu angeweza kwenda kulitazama na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, nyumbani kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, tuliwasha mishumaa. Umeme ulikuja kama mgeni mkubwa: kwa kuchelewa, na uliondoka bila kuaga.

Ndipo nikasikia kwamba padri mmoja wa Mwenga anarudi kwao Ulaya na anauza vyombo vyake. Kati ya vyombo hivyo kulikuwa na kioo cheusi cha kukusanya nguvu za jua, ambacho sisi wote tulikiita pano, pamoja na batri ya gari na taa mbili za balbu. Nilikitamani kile kioo kuliko nilivyowahi kutamani baiskeli nikiwa kijana.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya habari za mkoa kwa ajili ya redio, na nilijisifu kwamba siandiki neno kabla ya kusikiliza pande mbili. Basi nilisikiliza pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa padri, ambaye alikuwa anauza. Upande wa pili ulikuwa mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa nimekwisha kununua moyoni.

Mke wangu hakuhesabiwa, ila alisema.

"Huku kwetu mvua haichoki. Siku ya mvua, hiyo kioo itakula nini?"

"Padri anasema inakula hata mwanga wa mawingu."

"Mawingu ya kwao ao ya hapa?"

Nikamjibu kwamba sayansi haina kwao. Jumamosi iliyofuata nilikuwa juu ya paa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu nyumba ina uso na mgongo. Kila kitu kizuri hukaa usoni, upande wa barabara: mlango uliopakwa rangi, pazia la kitambaa cha kushonwa, maua ndani ya mikebe. Mgongoni kuna jiko, mbuzi na maji machafu. Nyumba yetu ilielekeza uso kwenye barabara, na juu ya barabara kilisimama kilima. Mgongo wake ulitazama milima ya Rwanda, ambako jua linatokea. Sikuwaza hata mara moja kuweka kitu kama kile upande wa mbuzi.

"Papa," jirani akaniita kutoka chini, "jua linatokea huku nyuma."

"Na mchana linahamia huku mbele," nikasema. "Jua halina ubaguzi."

Kusema haki, mwanzo ulikuwa mzuri. Kilikuwa bado kiangazi. Petroli ya taa ilikuwa imeadimika mjini, lakini sisi tulikuwa tumesahau hata harufu yake. Watoto walisoma bila moshi machoni. Redio yangu haikudai tena mawe mapya ya betri kila mara. Ubaya niliouona ulikuwa mdogo: maji ya batri yalitoboa goti la suruali ya abakosti yangu, ile suti ya taifa isiyo na tai, nami nikaona hiyo ni ada ya kuingia katika maendeleo.

Kisha mvua zikaanza. Bukavu, msimu huo, asubuhi huwa na jua safi, na mchana mawingu hufunga. Asubuhi zote pano yangu ilikuwa inatazama kilima. Jua lilipofika upande wake, mvua ilikuwa imekwisha kufika pia. Taa mbili zikawa moja, na hiyo moja ikawa ya muda mfupi. Watu wakiniuliza, nilisema tunapunguza matumizi.

Katika hali hiyo ndipo tulipoletewa posa. Kijana wa Bagira alimtaka binti yetu wa kwanza, na binti alimtaka yeye. Wazee wake waliomba kuja Jumapili kusikia jibu letu. Sababu ya haraka ilikuwa moja tu: wiki ileile kijana alikuwa anapelekwa kufundisha Shabunda, na mtu akiisha kuingia Shabunda, barabara ndiyo inayoamua atarudi lini. Na katika ukoo wetu neno la ndoa halitolewi gizani. Kila upande lazima uone uso wa mwenzake, asije mtu akakana baadaye. Baba yangu aliwahi kurudisha wageni kwao kwa sababu taa ilikuwa imeishiwa petroli.

Binti yangu alilijua hilo vizuri, na Jumapili ilipofika alinijia mapema.

"Papa, tuazime taa ya pampu kwa jirani. Kama jibu halitoki leo, ataenda bila jibu."

"Taa ya pampu inapiga kelele. Wageni watafikiri tunapika."

"Basi leo usiiwashe yako mbele wafike."

Niliahidi kutoiwasha kabla hawajafika. Nikaiwasha alasiri kidogo tu, kumwonyesha mtu aliyekuwa anapita.

Mvua iliwachelewesha wageni, wakaingia jioni. Walikuwa wanne: baba mkubwa wa kijana, wazee wawili na shangazi. Baba mkubwa alikuwa ameiona pano tangu barabarani. Kwao Bagira umeme ulikuwa kama wetu, na kabla ya neno lolote la posa aliuliza, akiniita mwananchi kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka: "Sitwayen, hiyo kitu iko na faida gani?"

Ningeweza kujibu kwa sentensi moja. Badala yake nilisimama. Nilianza na petroli, nikapita kwenye moshi. Nyuma ya pazia la chumbani, ambako binti alikuwa anangoja kuitwa kama desturi inavyotaka, nilisikia kikohozi. Nikaingia kwenye macho ya watoto. Taa ikawa ya njano. Kikohozi kikarudi, cha watu wawili sasa, binti na mama yake. Nilikuwa ninaeleza kwamba mwanga wa jua hauna bwana wa kuukata, taa ikawa nyekundu kama kaa la moto, kisha hatukuonana tena.

"Hiyo ilikuwa faida ya ngapi?" sauti ya baba mkubwa ikauliza.

"Ya mwisho," mke wangu akajibu kutoka nyuma ya pazia.

Nilisikia viti vikisogezwa. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba giza limeingia, watarudi siku ingine. Siku ingine kijana angekuwa Shabunda.

"Wazee wangu," nikasema, "kwa njia ya Bagira hamkukosa kubeba tochi. Ninaomba mnimulike."

Wakanimulika, wote wanne. Nilisimama katikati ya mwanga ule, jasho likinitoka, na goti la suruali lenye kiraka, kama mtu aliyekamatwa bila kitambulisho.

"Tunakuona," baba mkubwa akasema. "Sema."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu. Nikasema, "Tumekubali."

Binti akaitwa. Mwanga ukahamia kwake, kisha kwenye kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alichokishika. Shangazi akamuuliza kama pombe ile inyweke, maana kwetu binti ndiye anayetoa ruhusa.

"Mukunywe," akasema, "mbele hizi tochi zizimike."

Wakanywa. Walipoondoka, waliondoka na mwanga wote. Tuliwasindikiza hadi barabarani kwa kupapasa, binti yangu akinishika mkono nisianguke. Alikuwa anacheka, nilijua kwa jinsi mkono wake ulivyotikisika.