Neno moja lilimuulia miche 2,400. Leo anawafundisha wenzake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, banda la vioo nje kidogo ya mji wa Spalding, Uingereza, linanukia udongo mbichi. Viorica Stanciu anachomoa mche wa nyanya, anakagua mizizi, anauhamishia kwenye kopo kubwa zaidi. Mikono haisimami, wala mdomo.

"Hapa tunafanya nini?" anawauliza wenzake waliozunguka meza.

"Pot on!" wanaitika.

"Na tukiuzoesha baridi kidogo kidogo?"

"Harden off!"

"Mmekunywa chai leo, naona."

Viorica, 44, alitoka kijijini karibu na Botoșani, kaskazini mwa Romania, miaka tisa iliyopita. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na kuhesabu.

"Kilimo nimezaliwa nacho," anasema. "Mmea nilikuwa naujua. Maneno yao ndiyo yaliyonishinda."

Yalimshinda vibaya Machi ya mwaka wake wa pili. Mwenye shamba, Clifford Harby, alipita mbio akamwambia, "Bring on the tomatoes." Kwa wakulima wa huko, maana yake ni kuihimiza miche ikue: iongezewe joto na mbolea. Viorica alijua tu kwamba "bring" ni kuleta.

Akaileta. Trei baada ya trei aliitoa nje hadi uwanja wa kupakilia, akaipanga kwa mistari, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Asubuhi aliikuta miche 2,400 imelala, nyeusi kama mboga iliyochemshwa. Baridi ilikuwa imemaliza kazi.

"Nililia mpaka nikakosa sauti. Harby akaniambia nichukue koti langu niondoke."

Aliyeziba mlango ni Glenys Pinchbeck, msimamizi aliyekuwa na miaka thelathini shambani hapo.

"Clifford, ulimwambia alete, naye ameleta. Unamfukuza kwa utii wake?"

"Glenys, usinianze."

"Nishakuanza. Akitoka huyu, na mimi natoka. Hizo pilipili utazilea na mkeo."

Harby alijikuna shingo. "Haya, mfundishe basi. Wewe mwenyewe."

Tangu siku hiyo, kila mapumziko ya chai yalikuwa na neno lake. Glenys aliliandika kwenye kibao cha plastiki na kukichomeka kwenye kopo la mmea uliofikia hatua hiyo. Viorica, aliyekwisha kuzoea kumwita shangazi kama ilivyo kwao, aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani.

Binti yake Ilinca alipokwenda kambini na shule kwa mara ya kwanza, mwalimu aliuliza kama mama ana wasiwasi. "Hapana," alijibu Viorica. "Ni 'harden off'. Namzoesha baridi." Mwalimu alicheka hadi akaketi, kisha akasema hajawahi kusikia neno bora kwa safari ile.

Magoti ya Glenys yalipomstaafisha mwaka jana, Viorica akashika nafasi yake. Sasa anasimamia watu kumi na wanne, wengi wao kutoka Lithuania na Bulgaria.

"Nikitoa agizo, ananiuliza namaanisha nini hasa," anasema Harby. "Ananichosha huyu mama! Lakini tangu hapo hatujapoteza trei hata moja."

Viorica naye ana lake. Amekodi robo ekari nyuma ya nyumba yake, na majira haya atapanda mboga za kwao zisizopatikana madukani, awauzie Waromania wa Spalding, baadaye na miji ya jirani.

Jumapili iliyopita Glenys alikuja kuliona shamba. Akalizunguka taratibu na fimbo yake.

"Shangazi," Viorica akamuuliza, "biashara ikitoka udogoni ikawa kubwa, mnasemaje?"

"Tunasema 'grow', mpenzi. Inakua, kama kabichi tu. Hatuna neno jingine."

Viorica akainama kung'oa gugu. "Kama ni hilo tu," akasema, "nitaiweza."