Swali la Tisa la Djamila

Djamila binti Amisi alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kushona sokoni Kasongo, na tangu ujana wake alijua kwamba moyo wake unakwenda kwa wanawake. Waliolijua hilo hawakuzidi watatu. Mmoja alikuwa Mama Léocadie, muuguzi aliyewahi kumtibu bila kumkodolea macho.

Ndiyo maana Léocadie alimfuata yeye watafiti wa afya walipotafuta wa kuuliza maswali. Walitaka kujua vijana wanaopenda wenzao wa jinsia yao, wenye miaka kumi na minane na kuendelea, wanajikinga vipi na sida, yaani ukimwi, na magonjwa mengine ya zinaa. Majina hayataandikwa, namba tu.

Djamila aliisoma fomu ya maswali yao mara mbili pale pale kwenye cherehani.

"Mama Léocadie, hii fomu iko na shida. Swali la nane linauliza ulilala na mwanaume lini. Mutu akisema hajalala naye, wanamwambia asante, imekwisha."

"Na ubaya iko wapi?"

"Inatufukuza. Ni kama sisi hatuwezi kugonjwa. Ule ugonjwa wewe uliniponyesha mwaka jana, niliupata kwa mwanamuke."

Léocadie akampigia simu kiongozi wa utafiti na kumpa Djamila aseme mwenyewe. Siku mbili hazikupita, fomu ilirudi na swali jipya, la tisa, kwa maneno yake mwenyewe: ukiwa na mwanamke mwenzako, mnajikinga vipi?

Watafiti wakamtuma Djamila huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Pikipiki ilizama kwenye tope mara tatu, naye akashuka kuisukuma, fomu zimefungwa kifuani ndani ya plastiki, na bado alikuwa anacheka.

Alikaa chumba cha nyuma cha fundi mwenzake, aliyewanong'oneza habari wanawake wachache aliowaamini. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili akaingia Sifa, muuza chakula wa wachimbaji, ameshika kitenge ati kimechanika. Hakikuwa kimechanika. Alijibu vizuri mpaka swali la tisa, hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, niko na miaka ishirini na tisa. Hakuna mutu amewahi kuniuliza hili."

"Sasa unajibu nini?"

"Sijikingi na kitu. Sikujua kama inafaa."

Fomu ilipokwisha, Djamila alimweleza yote bila kuzunguka: kupima damu, kutibiwa wote wawili, na kama kuna kifaa mnachotumia pamoja, kukiosha na kukivika kondomu mpya kwa kila mmoja. Kesho yake Sifa alileta wenzake wanne. Juma lilipokwisha walikuwa thelathini na saba, na Djamila alikuwa na furaha iliyomnyima hata hamu ya kula.

Matokeo yalisomwa Kasongo mbele ya madaktari wa eneo. Katika wale thelathini na saba, thelathini na mmoja walisema hawakuwahi kuambiwa lolote kuhusu kujikinga na mwanamke mwenzao.

"Nani aliandika swali hili la tisa?" daktari mmoja aliuliza.

Djamila akasimama. Daktari akamwomba awafundishe waulizaji wanne watakaokwenda eneo la Wamaza na fomu hiyo hiyo. Jumatatu iliyofuata alifunga kibanda chake, akaenda kuwafundisha.