Safari Fupi ya Siku ya Kwanza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeniumbia magoti haya mawili na kunihifadhia mpaka leo, nikaweza kushuka kwenye mkeka wa swala na kuinuka bila kushikwa mkono. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Mwanangu, usinicheke kwa kuanza na magoti. Ukifika mwisho utajua kwa nini nayashukuru kabla ya macho na meno.

Nakumbuka mwaka ule Azimio la ujamaa lilipotangazwa, vijana kila pembe ya nchi walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono. Sisi wa Tabora tulijiandikisha kwenda Nzega, mwendo wa siku nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na katika nyumba yetu ya Gongoni hapakuwa na binti aliyewahi kulala nje ya mji bila mzazi. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mpole lakini mzito wa kukubali. Nilipomwomba ruhusa alikaa siku tatu bila kujibu. Siku ya nne akasema, "Nenda, Salima. Lakini wewe ndiye unayefungua mlango huu. Ukirudishwa umebebwa, mdogo wako Mwajuma asije kuniomba ruhusa ya shule ya bweni."

Mwajuma alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Nikajua kwamba sitembei kwa miguu yangu tu.

Zilibaki siku kumi. Kiongozi wetu alikuwa Sefu, kijana wa Mtendeni, fundi baiskeli, mcheshi na mwenye sauti ya kuamrisha. Alitukusanya akatupa sheria zake. Jasho ndilo nguvu, kwa hiyo vaa nguo nzito. Maji ni mzigo tumboni, usinywe ukiwa mazoezini. Ukisikia maumivu, furahi, maana mwili unajengeka. Na anayepumzika siku moja amerudi nyuma siku mbili. Tulimwamini wote, nami kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na kiburi changu cha siri. Bibi yangu, mzaa mama, alipokuwa msichana mdogo alitembea na msafara wa wapagazi kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kibuyu kichwani, nyuma ya wazazi wake. Nilijiambia kwamba safari imo katika damu yangu.

Basi kila mchana, jua likiwa utosini, nilivaa sweta la sufu la Baba juu ya gauni nikakimbia mpaka Mtendeni na kurudi. Wanawake waliokuwa wakiuza michembe ya viazi vikavu kando ya njia walinipigia kelele, "Binti fundi, unakimbizwa na nani?" Nikawajibu, "Nakimbizwa na Azimio!" Nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikirudi nilisukutua maji na kuyatema. Kichwa kikiuma, nilifurahi kama nilivyoagizwa.

Siku ya tano goti la kulia lilivimba likawa kama kitunguu kikubwa. Sikumwambia mtu. Adhuhuri ilipoingia nilitandika mkeka uani, nikashindwa kulikunja. Nikavuta kigoda, nikaswali nimekaa. Bibi, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa kibarazani akichambua mchele. Alingoja nitoe salamu.

"Salima, umeanza lini kuwa mgonjwa?"

"Si ugonjwa, Bibi. Ni mazoezi."

"Mazoezi gani yanayomnyima mtu kusujudu?"

Akaweka ungo chini, akaja, akalibonyeza goti kwa kidole kimoja. Nikapiga ukelele.

"Sefu anasema maumivu ndiyo nguvu inaingia," nikajitetea.

"Huyo Sefu amewahi kufika wapi kwa miguu?"

Nikavuta gauni kulifunika goti. Sefu hata msikitini alikwenda kwa baiskeli.

Bibi hakunigombeza kwa sauti. Alikaa chini, akalipakata goti langu mapajani mwake, akaanza kulikanda kwa kitambaa cha maji baridi huku akizungumza kama anayemhadithia mtoto.

"Siku tuliyoondoka kwenda pwani, hata uji haujashuka tumboni, kirangozi, yule mtu wa mbele anayeongoza njia, akainua mkono. Tukapiga kambi. Nyuma yetu tuliona bado moshi wa majiko ya kwetu. Nikacheka, nikasema, hii nayo ni safari? Mama akanifinya sikio. Akaniambia siku ya kwanza ni ya miguu kujuana na njia. Mwenye mzigo uliomlemea begani aliufungua akaufunga upya. Aliyesahau kitu alirudi kukichukua. Kesho yake tukaongeza kidogo, na kesho kutwa kidogo tena. Kila penye kisima tulikunywa. Na siku za kupumzika zilikuwa ndani ya safari, mjukuu wangu, hazikuwa nje yake."

"Lakini Bibi, sisi si uzao wa wapagazi? Si imo damuni?"

"Damu haitembei. Miguu ndiyo hutembea, nayo hufundishwa kama ulivyofundishwa kusoma chuoni. Nani alianza na msahafu kabla ya alifu?" Akalitazama goti. "Hili halitakufikisha Nzega. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Nililia, mwanangu. Sikulilia Nzega, nilimlilia Mwajuma. Bibi aliniacha mpaka nikatulia, kisha akasema, "Nenda kwa baba yako sasa hivi. Mwambie wewe, kabla njia haijamwambia."

Nilichechemea mpaka kwenye cherehani yake. Baba akaacha kukanyaga. Nilimweleza yote, na sweta nikamrudishia. Aliligeuza geuza mikononi.

"Kumbe lilikuwa huko," akasema. Kisha akalikunja taratibu, nami nikawa nahesabu vifungo mezani ili nisilie tena. "Salima, sikuogopa wewe kuchoka. Kila mtu huchoka. Niliogopa mtoto atakayeficha maumivu mpaka aletwe amebebwa. Leo umekuja kwa miguu yako."

"Na Mwajuma?"

"Mwajuma akifaulu, atakwenda."

Akarudi kwenye cherehani, nami nikasikia mtu akikimbia nyuma ya pazia.

Siku ya matembezi nilisimama kando ya barabara na mtungi, nikiwagawia wenzangu maji. Wengi walikunywa. Sefu alinipungia mkono akapita. Siku ya tatu alirudi juu ya lori la pamba, miguu imefungwa kanga. Alipopata nafuu alikuja kwetu, amejiinamia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Leo umekuja na baiskeli?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, naye akawa mwanafunzi wa Bibi kama mimi. Goti langu lilipumzika wiki nyingi. Kisha kila baada ya swala ya alfajiri Bibi alinishika mkono tukatembea, siku ya kwanza mpaka pembe ya nyumba ya jirani tu, tukarudi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mavuno ya mwaka uliofuata yalinikuta nikienda kwa miguu kila wiki katika kijiji cha ujamaa kuwafundisha watu wazima kusoma, na sikuchoka. Mwajuma aliniandikia barua kutoka bweni. Na Sefu nilitembea naye maisha yake yote, maana ndiye aliyenioa. Mungu amrehemu.

Mwanangu, leo nawaona vijana wamejifunga nailoni tumboni, wanakimbia juani ili jasho liyeyushe kitambi. Jasho ni maji yako yanatoka, ukinywa yanarudi, na usiponywa unadhurika. Usiwe na haraka na mwili. Anza karibu na nyumbani, pale unapouona bado moshi wa jiko lako, kisha ongeza. Uchovu si maumivu: uchovu huondoka kwa usingizi, lakini maumivu yanayobaki na kuvimba ni ujumbe, usikilize, na mganga wa hospitali yupo. Pumzika bila kuona haya. Usijidai ujana, wala usijikatie tamaa kwa uzee. Bibi alikuwa na miaka karibu themanini aliponishika mkono. Na usidhani kubeba maji na kulima si kitu, vyote ni mazoezi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikaribia kulivunja.

Mwenyezi Mungu akupe wewe unayesoma mwili mwepesi na moyo mtulivu. Akufikishe unakokwenda bila kubebwa, na utakapozeeka akuachie magoti yako, uweze kushuka mbele zake na kuinuka tena. Amina.