Karani wa Ndoa na Dirisha Lake

Tangu yule tapeli maarufu aoe wanawake tisa katika ofisi tisa, akiwa na suti ile ile, sheria mpya inamtaka karani wa ndoa atangaze jina la bwana harusi hadharani na kusubiri pingamizi kwa dakika kumi. Makarani wengine hubandika karatasi mlangoni. Mwenzetu wa ofisi hii hufungua dirisha, hupangusa kizingiti kwa kiganja, hukohoa, kisha huita jina mara tatu kwa sauti nyembamba kama ya mbuzi aliyefungiwa nje. "Kuna mke wake huko chini?" Halafu hutazama saa, na mabwana harusi wasio na kosa hulowa jasho.

Siku ya Jumanne bwana harusi alikuwa yeye mwenyewe, mgane wa miaka hamsini na minane. Tulimsihi abandike karatasi tu.

"Sheria ni msumeno, ndugu zangu," akasema, akaliita jina lake dirishani. Dakika ya tisa, sauti ya mwanamke ikapanda kutoka mtaani.

"Huyo namjua!"

Bibi harusi akashika meza.

"Mwaka mzima hajanirudishia ngazi yangu!"

Tulicheka hadi machozi. Karani aliandika daftarini, kwenye safu ya pingamizi, kwa mwandiko wake wa duara: *ngazi, moja.*

"Penye pingamizi ndoa haifungwi," akanong'ona.

Bibi harusi akavua viatu. "Haya, baba, twende kwako tukaichukue. Wewe shika mbele, mimi nyuma."

Baadaye, kutoka dirishani, tuliwaona wakivuka barabara na ngazi kumrudishia mwenyewe, shela limenasa kwenye kidato cha mwisho, naye karani akigeuka kila hatua kuhakikisha aliyeshika nyuma ni yule yule.