Mboga Bila Tonge

Wanaume wa ukoo wa Luhende, kule Misungwi, hula katika sinia moja, na tonge la ugali ndilo kipimo cha mboga. Ukimega dogo, unachovya kidogo. Anayechota mboga bila tonge ni mlafi, au mwizi, kutegemea nani amekaa karibu naye. Luhende alilelewa ndani ya duara hilo, na alipovuka miaka hamsini alitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Zamani alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, mizani ya chama ikaota kutu, naye akarudishwa nyumbani kwake Ilemela, kwenye kijumba kilichobanwa na majabali. Hapo kiu ikaanza. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na kila asubuhi sisimizi walijipanga mpaka chooni, wakifuata mkojo wake. Hakuhitaji kuelezwa kuwa ni kisukari. Kaka yake, Masalu, alianza na sisimizi haohao, na wakati huo alikuwa amekwisha kukatwa mguu.

Nesi alimshauri apunguze ugali, wali na viazi, ajaze majani ya kijani. Luhende hakupunguza, aliacha kabisa. Mwanzoni alikula mchicha wa kuchemsha mpaka akawa anapepesuka kwa njaa.

"Unakula kama mbuzi," mkewe Evelina alimwambia, "utakufa kama mbuzi."

Akaenda kwenye uzio wa kiwanda cha samaki, palipouzwa mabaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya, akarudi na mafuta ya tumbo la sangara. Akayayeyusha, akakaangia matembele na majani ya maboga. Mgagani akauchemsha, akamwaga maji yake machungu, akauunga kwa samli. Luhende akashiba. Sisimizi wakahama.

Mara moja tu alishindwa, kwenye msiba wa Masalu. Kwa kuona haya mbele ya wazee alimega ugali matanga yote, na asubuhi ya kwanza aliporudi Ilemela sisimizi walikuwa wamerudi chooni. Siku hiyo aliapa kutomega tena. Kiapo kingine alikuwa amekitoa kabla, kando ya kitanda cha kaka yake, Masalu alipomwambia: "Binti yangu asizungumziwe mahari na mtu mwingine. Wewe tu."

Binti huyo, Wilhelmina, sasa alikuwa anaolewa. Wakwe walifika Misungwi kuzungumza ng'ombe wa mahari, na kabla ya maneno ilikuwa lazima kula pamoja. Luhende alikaa kwenye duara, akafungua bakuli lake la mgagani. Baba yake mdogo, Luhaga, mkubwa wa ukoo, akamwinamia sikioni.

"Mega tonge moja. Moja tu, wageni wakuone."

"Simegi, baba."

"Watasema tumeleta mlafi wa kukomba mboga!"

"Nimekuja na mboga yangu."

"Ndiyo mbaya zaidi! Unabeba chakula kuja nyumbani kwa kaka yako, kama mtu anayeogopa kulogwa?"

"Kaka yangu alimega, baba. Alimega mpaka wakamkata mguu, na bado sinia mlikuwa mnamsogezea."

Wageni waliacha kutafuna. Luhaga alinyooka, na sasa hakunong'ona tena. "Asiyekula nasi hawezi kutusemea. Toka. Atazungumza mwanangu Antoni."

Luhende akachukua bakuli lake, akaenda jikoni. Wilhelmina alikuwa anafuta macho yaliyoingiwa na moshi.

"Baba mdogo, mbona huku?"

"Nimefukuzwa. Kwa ajili ya mgagani."

Binti alicheka, kisha akaacha. "Na mimi nazungumziwa na nani?"

"Antoni."

"Antoni! Yule anayeniita Paulina mpaka leo?"

Luhende aliitazama miguu yake iliyojaa vumbi, miwili. Tonge moja tu, alijua, lingemrudisha kwenye kigoda chake. Ungeisha uchumba, ungekuja ubatizo, kisha msiba, na kila mahali kungekuwa na tonge moja tu. Masalu alizikwa kwa tonge moja moja.

"Simegi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Uani wakamwita binti, kwa kuwa mazungumzo hayafunguliwi mpaka mwenyewe aulizwe kama anawafahamu wageni. Wilhelmina akalichukua bakuli mikononi mwa Luhende, akatoka nalo, akapiga magoti na kuliweka mbele ya kigoda kitupu.

"Wageni nawafahamu," alisema. "Ila nimeachiwa baba mmoja, na ndiye mwenye bakuli hili. Asipokaa hapa, mtanisamehe, wageni wangu. Chai ipo jikoni, mazungumzo hayapo."

"Mtoto huyu ana wazimu!" Luhaga alifoka.

Luhende alikuwa amekwisha kufika. Alikaa. Akachota mgagani kwa vidole vitatu, bila tonge, mbele ya macho yao yote, akautafuna taratibu kama mtu aliye kwake. Luhaga akageuza uso kuelekea zizini, na hakuugeuza tena mpaka jioni.

Mzee Nkwabi, babu wa bwana harusi, alinusa hewa.

"Huo una samli?"

"Unayo, mzee."

Nkwabi alimega tonge kubwa, akanyoosha mkono kuelekea bakuli. Luhende akalivuta pembeni.

"Samahani, mzee. Wewe una ugali wako. Mimi chakula changu ni hiki tu." Akalamba vidole. "Haya. Tuzungumze ng'ombe."